Ndoano au Bamba

Bonde la Skaar, Wisconsin
9 Septemba 2012

Kwa Shemeji Arlys,

Salamu. Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Bev wa posta naye ataishangaa, maana ataichukua kwenye sanduku langu, aipeleke Nordby ikagongwe muhuri, kisha airudishe keshokutwa kwenye sanduku lako lililo shubiri moja tu kutoka pale alipoichukua. Lakini mimi na wewe hatuzungumzi, basi acha posta wapate kazi.

Nimesikia unanunua trekta ndogo yenye mikono ya mbele. Ni jambo jema. Nina neno moja tu. Pale mwisho wa mikono, mahali kijiko cha kuchotea kinaposhika, watakuuliza unataka kiungio gani. Kuna cha pini, ambacho kubadilisha kijiko ni kazi ya nyundo na matusi. Kwa bega lako hilo, kiache. Kuna cha ndoano, cha kampuni yenyewe ya trekta, chepesi na kizuri, ila hakishiki kitu cha kampuni nyingine. Na kuna bamba, lile la kawaida lenye hendeli mbili, ambalo kila mtu hapa bondeni analo. Chukua bamba. Vifaa vya mtu yeyote vitashika kwako, na vyako vitashika kwa mtu yeyote.

Ni hilo tu.

Verdell Brekke


13 Septemba

Shemeji Verdell,

Salamu zako zimefika. Zimechelewa miaka kumi na tisa, lakini zimefika.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kilichofichwa ndani yake. Kwanza, nani amekwambia nanunua trekta? Nimewaambia watu wawili tu duniani, mwanangu Lowell na muuzaji wa matrekta Nordby. Lowell yuko Madison na hana habari na wewe. Muuzaji nimempigia simu, akasema hajakutia machoni tangu Julai. Pili, habari za bega langu umezipata wapi? Niliumia Agosti, na hata wenzangu wa kanisani hawajui, maana nikiwaambia wataniletea chakula mpaka nikome.

Tatu, mume wangu Orrin alipofariki Machi ulisimama nyuma kabisa kanisani, ukaondoka bila kushuka ukumbi wa chini kula na watu. Akina mama walitengeneza mikate ya nyama ya nguruwe ya kutosha kanisa zima, ukabaki mmoja kwenye sinia, nami najua ulikuwa wa nani. Mtu aliyeshindwa kula chakula cha msiba wa ndugu yake, leo anajali kijiko changu kinashika wapi?

Trekta naichukua kwa sababu moja. Lowell anasema nyumba hii imenizidi. Tanuri la kupashia nyumba moto liko nje, kuni ziko bandani, na theluji ikianza iko kila mahali. Amenipa mpaka Krismasi. Nikishindwa kujisafishia njia na kujibebea kuni, nahamia kwenye flati La Crosse, ghorofa ya tatu, paka hawaruhusiwi. Sitashindwa.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: huyo "mtu yeyote" ambaye vifaa vyangu vitashika kwake ni nani?

Arlys


18 Septemba

Shemeji,

Umeniuliza maswali manne. Nitajibu ambalo hukuuliza.

Asubuhi utataka kijiko cha theluji. Saa moja baadaye utataka uma za kubebea kreti za kuni. Ukiwa na bamba unasogea, unainamisha mikono, ukingo wa juu unaingia chini ya mdomo wa kifaa, unainua kidogo, unashuka, unabana hendeli mbili, basi. Dakika mbili kwa mtu mwenye bega zima, tano kwako wewe. Mimi ninazo uma na ninalo bapa la kusukumia theluji, vyote vya bamba, vimelala bandani tangu nilipouza ng'ombe. Uma natumia mara moja moja kwa kuni zangu. Siku nyingine zinakaa tu.

Kasoro ya bamba nitakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa muuzaji ukadhani nakuficha. Ni zito, na linausogeza mzigo mbele kama kiganja kimoja, kwa hiyo trekta ndogo inainua pungufu. Ratili themanini hivi. Kreti zako zijaze pungufu kidogo, yamekwisha.

Sasa na mimi nina swali. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kulikuwa na gari jeupe uani kwako. Mtu mwenye daftari alizunguka banda la mashine, akapiga picha, akapima mlango. Kama unawauzia shamba wale watu wa mgodi wa mchanga, nina haki ya kujua. Kisima changu kiko chini ya kilima chako.

Verdell


22 Septemba

Verdell,

Jumanne nilikuwa kwa dada yangu Decorah, kama kila Jumanne. Unajua vizuri kwamba Jumanne sipo. Kumbe ndiyo siku unayosimama dirishani ukilitazama banda langu.

Hakuna gari jeupe. Nimemuuliza Lowell kwenye simu kama amemtuma mtu, akasema hapana, akauliza kama nimekunywa dawa zangu. Unaona ulichofanya? Sasa mwanangu anadhani naona magari yasiyokuwepo. Wa mchanga walikuja mwaka jana, nikawapa kahawa na nikawaonyesha barabara ya kutokea.

Nimekaa na barua yako mezani siku tatu, na sasa nimekuelewa. Unajua Lowell anataka nihame. Unajua nikihama kutakuwa na mnada, watu watajaa uani wakinywa kahawa yangu na kugeuzageuza vyombo vyangu. Na kwenye mnada huo kutakuwa na trekta ndogo, mpya kabisa, ambayo haijamaliza hata msimu mmoja. Mtu mwenye uma na bapa vya bamba vimelala bandani angependa sana trekta hiyo nayo iwe na bamba. Unanichagulia trekta utakayoinunua wewe.

Orrin alisema jambo moja baada ya ile mashine ya kufungia majani. Mliinunua pamoja, ukamwazima mtu bila kumuuliza, ikarudi imevunjika sehemu ya kufunga kamba siku ya kwanza ya mavuno, na mvua ikanyesha juu ya majani yetu wiki nzima. Alisema kuanzia leo hakuna kitu chetu kitakachoshikana na kitu cha Verdell. Nilidhani ni hasira tu. Sasa naona alikuwa na akili kuliko mimi.

Arlys


1 Oktoba

Shemeji,

Habari ya mashine ni kweli. Habari ya gari jeupe pia ni kweli, na sina la kuongeza.

Kuhusu mnada sitajibu.

Chagua upendacho. Ila ukishakuwa na kiungio, chochote kile, usiiamini hendeli kwa macho ukiwa umekaa kitini. Shuka utazame kama pini zimetokeza chini pande zote mbili. Halafu kabla ya kubeba chochote, gandamiza ncha ya kifaa ardhini mpaka magurudumu ya mbele yawe mepesi. Kikitoka, kitokee pale, kuliko kutoka kikiwa juu. Baba alitufundisha hivyo mimi na Orrin, na sijui kama Orrin alikufundisha.

Verdell


24 Oktoba

Verdell,

"Sitajibu" ni jibu, na nimelipokea.

Nimechukua ndoano. Trekta ilishushwa Ijumaa. Nimechota kokoto, nimejaza mashimo ya njia yote mpaka barabarani, na kama ulikuwa dirishani umeona. Inainua zile ratili themanini ambazo ungeninyang'anya. Muuzaji alisema karibu kila mtu bondeni ana bamba, akaniuliza nina hakika, nikamwambia hiyo ndiyo sababu yenyewe. Uma za ndoano hazikuwepo dukani, ameagiza, zitakuja baada ya wiki mbili.

Hakuna kitu chako hata kimoja kitakachoshika kwangu. Na hapana, Orrin hakunifundisha kugandamiza ncha. Nimejaribu, na inafaa.

Arlys


4 Desemba

Kwa Shemeji Arlys,

Theluji ya Jumapili imenifanya niandike. Njia yako umeisafisha vizuri kuliko ya kwangu. Lakini uma hazijaja, sivyo? Jana nilikuona unavuta kuni kwa ule ubao wa watoto wa kuteleza, kamba umeifunga kiunoni kwa sababu ya bega. Kutoka bandani hadi tanurini, vipande vinane kwa safari. Nilihesabu safari thelathini na moja. Kwenye ya ishirini ulikaa chini kwenye theluji, nikavaa buti. Kisha ukasimama, nikavua. Nimeona haya na bado ninaona haya.

Sasa nitajibu yale maswali.

Aliyeniambia habari za trekta na za bega lako ni Lowell. Alikuja kwangu Agosti, akakaa jikoni, akaniuliza kama ukihama nitanunua shamba. Nilisema ndiyo. Akaniuliza, kama mama atanunua trekta ajaribu kujitegemea majira haya ya baridi, aina gani itakuwa rahisi kuuza baadaye. Nikasema yenye bamba. Kwa hiyo hukukosea. Nilipoandika barua ya kwanza, niliiona trekta yako ndani ya banda langu.

Gari jeupe lilikuwa la dalali wa mnada, na Lowell alikuwa naye. Niliandika kama sikumtambua, nikitaka umuulize mwenyewe. Sikuwa na ujasiri wa kumtaja mtoto wa mtu mwingine, hasa nikiwa nami nimo.

Barua zako zilinibadilisha kidogo kidogo, sijui nisemeje. Tangu mke wangu Gladys afe hakuna aliyewahi kunigombeza kwa kurasa mbili. Nilikuwa nazingoja.

Lowell nimempigia jana jioni nikamwambia sinunui.

Verdell


7 Desemba

Verdell,

Nina maswali mawili na usinizungushe. Agosti tarehe ngapi? Na ulipotamka "ndiyo," mwanangu alionekana kufurahi?

Uma zimeahirishwa mpaka Februari. Muuzaji anaomba radhi. Lowell anakuja tarehe ishirini na mbili.

Usije huku. Usinisaidie. Nikikuona uani nitadhani unapima mlango.

A.


13 Desemba

Shemeji,

Agosti tarehe kumi na nne. Hakufurahi. Alishika kikombe muda mrefu, akasema anaota kila mara kwamba amekukuta umelala kwenye theluji na mlango uko wazi. Nilipaswa kumwambia akwambie wewe ndoto hiyo. Badala yake nikafikiria ekari.

Umesema nisije, sijaja. Lakini kuna kitu nimekiacha juu ya gogo mwisho wa shamba langu, upande wangu wa uzio, ambapo trekta yako inaweza kufika na kukiinua. Ni uma zangu. Muuzaji alikuwa na vile vipande vya ndoano vya kuchomelea, vya kampuni yako. Nimelikata bamba lote kwa moto, nikachomelea ndoano mahali pake. Nimefanya kwa siku tatu kwa sababu macho yangu si yale, na mshono wa kushoto si mzuri wa kutazama, lakini umeshika.

Haziazimwi, ni zako. Kwangu hazishiki tena.

Usiniamini. Zikague. Gandamiza ncha ardhini kwanza.

Verdell


17 Desemba

Verdell,

Nilikwenda kuzitazama Jumamosi bila kuzigusa. Nilidhani ni mtego, ila sikujua ni mtego wa nini. Jumapili baada ya ibada nikarudi na nyundo. Nimepiga kila mshono, juu na chini. Ule wa kushoto ni wa aibu, na ndoano yake iko chini kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo uma zinainama kama mtu mwenye kiatu kimoja. Nenda ukapimwe macho.

Nikaziinua, nikashuka, nikatazama pini. Nikagandamiza ncha mpaka magurudumu ya mbele yakawa mepesi. Hazikutoka. Nikarudi nyumbani nikabeba kreti moja iliyojaa mpaka juu, kisha ya pili, kisha zote. Kuni za mpaka mwisho wa Januari ziko ubavuni mwa tanuri. Nililia kidogo kwenye kiti cha trekta, na kwa kuwa huenda ulikuwa dirishani, nakwambia mwenyewe kabla hujaniandikia.

Tangu hapo najiuliza umepata nini kwa kuharibu uma zako. Nimejaribu kila njia na sioni faida yako popote. Hilo ndilo linanikosesha raha. Una kuni zako bandani na tanuri lako nje kama langu, na sasa huna kitu cha kubebea. Hata yule mtu uliyemwazima mashine hakuwa mjinga kiasi hicho.

Nitakubebea mimi. Lakini kwa barua, hapana. Ukitaka kuni zako zihamishwe utakuja mlangoni kwangu, mlango wa mbele, utabisha, na utaomba kwa mdomo wako.

Arlys


Bonde la Skaar
20 Desemba

Mwanangu Lowell,

Natumai watoto hawajambo na mafua ya Annika yameisha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Najua kuhusu dalali, na najua ulikuwepo siku ile. Uliniuliza kama nimekunywa dawa zangu, nami kwa wiki mbili nilijitilia shaka, nikawa naandika kwenye kalenda kila nilichokiona uani, kila gari na kila mbwa, ili nijue kama akili yangu inaondoka. Hilo sitalisahau upesi. Mnada ungeweza kusubiri. Ungesema ukweli, ningekasirika, ningekutupia kitambaa cha vyombo, na maisha yangeendelea.

Najua pia ndoto yako. Shemeji Verdell ameniandikia. Ungeniambia wewe ningekukumbatia, kisha ningekuonyesha ninavyovaa simu shingoni nikitoka nje, kwa kamba ya viatu, tangu Novemba.

Jana saa tatu asubuhi Verdell alibisha mlango wa mbele. Amezeeka sana. Alivua kofia, theluji ikamwangukia kichwani kutoka kwenye paa, wala hakuifuta. Akasema, "Arlys, nina kuni." Nikamwambia kila mtu ana kuni, sema unachotaka. Akasema, "Nakuomba unibebee." Sauti yake ni ile ile ya baba yako. Hakuna aliyenionya. Ilibidi nishike mlango.

Nikamkaribisha kahawa. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa, nami nilikaa nikimtazama mikono asije akaweka kitu mfukoni. Akala vipande vitatu vya keki. Kisha tukaenda kwake, nikaendesha, yeye akatembea mbele akinionyesha mahali penye barafu. Nimembebea kreti sita.

Njoo tarehe ishirini na mbili kama ulivyosema. Njia iko wazi na nyumba ina joto. Ukague unachotaka, nami nitakutayarishia kitanda. Ukija na yule wa gari jeupe, atalala kwenye gari.

Verdell bado sijamwamini sawasawa. Na wewe, mwanangu niliyekuzaa, kwa sasa sikuamini sawasawa pia. Lakini yeye aliniambia alichofanya.

Na habari ya La Crosse, hata ningetaka, haiwezekani tena. Kuna mzee hapa jirani mwenye macho mabovu, amezikata uma zake mwenyewe, na zinashika kwenye trekta moja tu.

Mama yako,
Arlys Brekke